Bati Jipya Si Cheti cha Kuhitimu Umaskini

Mwezi unapoelekea kupevuka, mitumbwi ya dagaa hupandishwa mchangani na kazi husimama. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za sola, na mbalamwezi ikishatanda taa hizo hazivuti kitu. Ndiyo maana kwenye mialo ya Ukerewe, Kome na Maisome, na hata pale Mwaloni Kirumba mzigo wa visiwani unakoteremshwa, watu huhesabu giza kama wenye mishahara wanavyohesabu mwisho wa mwezi. Mama anayeanika dagaa kwa ujira ana wiki za kula mara mbili kwa siku na ana wiki za uji. Mvua ikimkuta dagaa wake bado mbichi mchangani, mzigo uliokuwa uuzwe kwa chakula cha watu unaishia kuuzwa kwa chakula cha kuku, kwa bei ya kutupa. Mtu huyu akijiwa na mwezeshaji mwenye dodoso la kupima hali ya kaya, majibu yake yatategemea sana amejiwa wiki gani.

Jambo hilo dogo ndilo ninaloona limepotea katika mjadala wa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaosimamiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF. Mfuko wenyewe ulianza mwaka 2000, na kwa zaidi ya miaka kumi kazi yake kubwa ilikuwa kujenga madarasa, zahanati na visima pamoja na jamii. Agosti 2012 Rais Jakaya Kikwete alizindua awamu ya tatu, na fedha zikaanza kupelekwa mikononi mwa watu wenyewe. Kufikia mwaka 2015 kaya zilizoandikishwa zilikuwa zimefika kama milioni 1.1, katika asilimia 70 ya vijiji, mitaa na shehia za nchi. Kuchaguliwa kulikuwa na hatua zake: kwanza mgawanyo wa maeneo, kisha wananchi kukaa mkutanoni na kutaja kaya zilizo duni kuliko nyingine, kisha dodoso kujazwa na kuingizwa kwenye kompyuta, ambayo hukisia hali ya kaya kwa kuangalia nyumba, vyombo, mifugo na idadi ya wanaotegemea chungu kimoja.

Tuangalie kiasi chenyewe, maana wengi wanaozungumzia ruzuku hii hawajawahi kuihesabu. Katika kipindi cha kwanza kaya ilipata msingi wa shilingi 10,000 kwa mwezi. Ikiwa na mtoto iliongezewa 4,000, na kila mtoto wa shule ya msingi aliyehudhuria masomo alileta 2,000. Mjane mwenye watoto wawili wa shule ya msingi alipata, kwa hesabu hiyo, shilingi 18,000 kwa mwezi, akilipwa kila baada ya miezi miwili. Hakuna kaya iliyoweza kuvuka 38,000 kwa mwezi hata ingekuwa na watoto wengi kiasi gani. Sasa weka pembeni yake mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi uliowekwa na utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18: shilingi 49,320 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi. Mjane wetu na watoto wake walipewa, watatu pamoja, chini ya nusu ya kile ambacho serikali yenyewe ilikiri kuwa mtu mmoja anakihitaji ili asiitwe maskini.

Na bado fedha hiyo ndogo ilifanya kazi, jambo ambalo halina budi kusemwa waziwazi kabla ya kuzungumzia kasoro. Jaribio la awali lililoanza mwaka 2010 katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha lilihusisha vijiji 80, nusu vikipokea na nusu vikisubiri. Waliopokea walionekana kukata zaidi kadi za bima ya afya ya jamii, kuugua siku chache, kununua mbuzi na kuku, na kuwavisha watoto wao viatu. Tathmini ya mpango mkubwa uliofuata ilionyesha kwamba miongoni mwa kaya za walengwa umaskini wa mahitaji ya msingi ulipungua kwa asilimia 10, na umaskini uliokithiri kwa asilimia 12. Sababu yake si ngumu kuielewa. Kaya inayojua kuwa shilingi elfu kumi na tano zitakuja mwezi fulani haiuzi kuku anayetaga kwa sababu mtoto ameshikwa na homa usiku. Haichukui mahindi ya mkopo dukani kwa bei ya kukomolewa. Fedha yenye tarehe humpa maskini nafasi ya kukataa biashara mbaya.

Mageuzi yalikuja kwa mlango wa usafi. Mwaka 2016 uhakiki uliibua makumi ya maelfu ya kaya zilizokuwa zikilipwa bila kustahili, na Rais John Magufuli alipozindua kipindi cha pili Februari 17, 2020, taifa liliambiwa kuwa zaidi ya kaya 73,000 zilikuwa zimeondolewa, zikiwemo za waliofariki, waliohama na wasiokuwa maskini. Nani angetetea kaya hewa? Mimi siitetei. Wizi wa fedha ya maskini ni wizi wa mara mbili. Ila pamoja na kusafisha orodha, mwelekeo wa mpango wenyewe ulibadilika. Ulitanuliwa hadi vijiji, mitaa na shehia zote, na lengo likawa kaya milioni 1.4 hivi, jambo jema. Mkazo nao ukahamia kwenye kazi: mwenye nguvu apewe ajira za muda, alipwe kwa siku, na baada ya kipindi fulani kaya ipimwe upya, ikionekana imepanda itoke. Lugha ya ofisini ilipata neno zuri la kulieleza hilo, kuhitimu. Siku hizi tunasoma habari za walengwa waliohitimu, na picha inayoambatana nazo karibu kila mara ni ya mama amesimama mbele ya nyumba yenye bati jipya.

Neno hilo linatoka shuleni, na limebeba mawazo ya shule. Mtu akihitimu darasa la saba harudi darasa la tatu. Umaskini wa ukanda huu wa ziwa hauendi hivyo. Tathmini ya umaskini Tanzania Bara iliyotolewa na Benki ya Dunia mwaka 2019 ilichunguza jinsi watu wanavyotoka na kuingia katika umaskini, ikakuta kwamba kwa kila Watanzania wanne waliotoka katika umaskini, watatu waliingia. Hebu lisome tena hilo. Nchi ikihesabu wanaotoka pekee itaona wanne na kupiga makofi, wakati hali halisi ya nchi imesogea kwa mtu mmoja. Na tathmini hiyohiyo iliitaja kanda ya ziwa kuwa miongoni mwa sehemu zenye umaskini mkubwa kuliko nyingine, pamoja na samaki wake wote, pamba yake na dhahabu yake.

Ukitaka kuona watu wanavyorudi chini, chukua miaka mitatu tu ya mkoa wa Mwanza. Mwaka 2018 Operesheni Sangara dhidi ya uvuvi haramu iliteketeza nyavu kwenye mialo. Sheria ilikuwa na haki yake, maana ziwa lisipolindwa litakufa, lakini wavu ulipochomwa hakuumia tajiri peke yake. Aliumia na mvuvi wa ujira, na mama lishe, na mbeba makarai, na mwanika dagaa. Mwaka 2019 wakulima wa pamba wa Kwimba, Magu na Misungwi walipeleka mavuno yao wakiahidiwa shilingi 1,200 kwa kilo, bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakasita, na wengi walikaa miezi wakisubiri malipo ya jasho walilokwisha kulimwaga. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda mpaka kiwango ambacho hakijawahi kurekodiwa, yakivuka hata kile cha 1964, na yakaingia katika nyumba, mashamba na mialo ya pembezoni. Misiba mitatu ya aina tatu: ya amri, ya soko na ya maji. Kaya iliyopimwa mwaka 2017 na kuonekana imeinuka ingeweza kabisa kuwa chini mwaka 2020 bila mtu yeyote ndani yake kuwa mvivu, mlevi au mjinga.

Ndipo bati linapoingia. Kipimo kinachotumia paa, sakafu na vyombo hupima kile ambacho kaya imeshika, na kinaweza kushindwa kabisa kupima kile inachokula. Mwanamke aliyejibana kwa miaka minne, akanunua bati mojamoja kwa ruzuku na kwa akiba ya kikundi, amefanya hasa kile alichohimizwa kufanya. Amepata nyumba isiyovuja. Hajapata kipato. Bati haliliki, na ukilazimika kuliuza siku ya njaa utapewa robo ya bei yake. Ila dodoso linapopita, bati lile lile linasimama kama shahidi dhidi yake, huku jirani aliyetumia ruzuku yake yote kwa unga akibaki kwenye orodha. Mfumo wa namna hiyo unamwambia maskini asijenge. Sidhani kama kuna ofisa aliyekusudia hivyo, ila watu wa kijijini ni wepisi wa kusoma kanuni kuliko tunavyodhani, na hilo wamekwisha kulisoma.

Wanaotetea mageuzi wana hoja nzito, na nzito kuliko zote imekaa katika methali yetu wenyewe: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Taifa lililolelewa na Azimio la Arusha, kisha likasikia kaulimbiu ya Hapa Kazi Tu, haliwezi kupuuza wazo kwamba heshima ya mtu iko katika kazi yake. Nami naikubali methali. Ninachouliza ni nani mgeni hapa. Mwanamke wa kisiwa cha Ukara, humu ziwani, hajafika jana, na jembe analo tangu utoto. Kisiwa hicho kinajulikana katika vitabu vya jiografia kwa jinsi watu wake walivyolima kila kipande cha ardhi, wakitia samadi na kulisha ng'ombe zizini, kwa sababu ardhi ni finyu na watu ni wengi. Umaskini wa Ukara haukuletwa na kukosa kazi. Umeletwa na kazi nyingi isiyolipa, na kumwongezea kazi nyingine yenye ujira mdogo si kumtoa hapo.

Ajira za muda zenyewe zilipangwa hivi katika kipindi cha kwanza: shilingi 2,300 kwa siku, siku 15 kwa mwezi, kwa miezi minne ya hari. Ujira uliwekwa chini kwa makusudi, ili mwenye njia nyingine asijitokeze. Nazikubali ajira hizi mahali zinapoacha kitu: lambo linaloshika maji Kwimba, kitalu cha miche, barabara inayopitika masika. Kijana mwenye nguvu asiye na shamba anaweza kushukuru. Lakini nchini Malawi, ambako mpango wa kazi za umma ulipimwa kwa makini na watafiti Kathleen Beegle, Emanuela Galasso na Jessica Goldberg, haukuonekana kuongeza uhakika wa chakula kwa waliofanya kazi hizo, hata katika miezi ya njaa ambayo ulikusudiwa kuiziba. Halafu kuna wale ambao dodoso linawaita wenye uwezo wa kufanya kazi kwa sababu umri wao unaruhusu, nao wana mzee kitandani, mtoto mgongoni na wajukuu wawili wanaosubiri kupikiwa. Siku ya kazi ya umma ikigongana na usiku wa giza wenye dagaa tele, mama huyo anaombwa achague kati ya 2,300 ya serikali na ujira wa mwaloni ambao haurudi mpaka mwezi uzame tena.

Hoja ya pili ni ya utegemezi: fedha ya bure inalegeza mikono na kuishia kilabuni. Hii ndiyo inayosikika zaidi kwenye daladala na vijiweni, na ndiyo yenye ushahidi dhaifu kuliko zote. Abhijit Banerjee na wenzake walipitia majaribio saba ya ruzuku katika nchi sita na hawakuona watu wakipunguza kufanya kazi. David Evans na Anna Popova walikusanya tafiti za mabara kadhaa kuhusu pombe na tumbaku, wakakuta matumizi hayo hayapandi kwa ruzuku, na mara nyingine yanashuka. Mlevi yupo kila kijiji, na ruzuku yake ataitumia kama anavyotumia fedha nyingine yoyote. Kumfanya yeye kipimo cha kaya milioni moja si haki, kama ambavyo hatufuti mishahara ya ofisi nzima kwa sababu ya karani mmoja anayekunywa.

Kuna hoja ya tatu ambayo naiheshimu zaidi, ya jirani. Kijiji kizima ni maskini, wawili wanapewa na wa tatu anaachwa, na tofauti kati yao ni ya kikombe cha unga. Chuki inaingia, mikutano inachafuka. Ni kweli. Lakini ng'ambo ya pili ya ziwa letu hilihili, katika kaunti ya Siaya nchini Kenya, mtafiti Dennis Egger na wenzake walifuatilia ugawaji wa takriban dola 1,000 kwa kaya zaidi ya 10,500 katika vijiji 653. Waliona kila dola iliyoingia ikizaa karibu dola mbili na nusu za shughuli za uchumi, bei zikipanda kwa kiasi kisichoonekana, na wasiopewa wakinufaika kupitia maduka, vibarua na mazao yaliyopata wanunuzi. Kiasi cha Siaya kilikuwa kikubwa mno kuliko chetu na nisingependa kulinganisha moja kwa moja. Somo linalobaki ni kwamba shilingi inayoingia kwa mjane haikai kwa mjane. Inapita dukani, kwa mshonaji, kwa muuza dagaa wa sado.

Nchi tajiri zimekwisha kulipitia jaribu hili la kuhesabu wanaotoka. Agosti 22, 1996 Rais Bill Clinton wa Marekani alisaini sheria iliyoweka masharti ya kazi na ukomo wa miaka mitano kwa msaada wa fedha kwa familia maskini. Orodha ya wanaopokea ilipungua sana, na wanasiasa wa vyama vyote walijipongeza. Mwaka wa sheria hiyo, katika kila familia 100 maskini zenye watoto, 68 zilikuwa zikipata msaada huo. Kufikia 2020 zilibaki 21 katika kila 100. Umaskini haukupungua kwa kasi hiyo hata kidogo. Kilichopungua ni idadi ya maskini wanaofikiwa.

Natetea mambo mawili. La kwanza ni mlango wa kurudi. Kaya ikitolewa ibaki katika daftari, na kijiji kiwe na mamlaka ya kuirudisha ndani ya miezi miwili, yaani kabla ya malipo mengine, pale maji yanapopanda, bei ya zao inapovunjika au mtafuta riziki wa kaya anapofariki. Kusubiri uandikishaji wa nchi nzima, unaokuja baada ya miaka, ni kumwambia mtu anayezama ajaribu tena mwakani. Nao upimaji ufanywe mara mbili katika misimu tofauti kabla ya kumwondoa yeyote, giza na mbalamwezi, masika na kiangazi. Hilo lina gharama. Lina gharama ndogo kuliko kumwokoa mtu yuleyule upya baada ya kuuza kila alichokuwa amekusanya, na nafuu hiyo ya fedha ndiyo jibu langu kwa wanaosema bajeti haitoshi.

La pili ni kuwaondoa wazee kabisa katika mtihani huu. Ibara ya 11 ya Katiba yetu inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kumsaidia mtu wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Ibara ya 7 inasema masharti ya sehemu hiyo hayawezi kudaiwa mahakamani, kwa hiyo yanabaki kudaiwa kwa kalamu na kwa kura. Ushahidi wa kwamba inawezekana uko karibu. Katika wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, kwenye ukingo wa magharibi wa ziwa hili, mradi wa Kwa Wazee ulianza mwaka 2003 kuwalipa wazee pensheni ndogo ya kila mwezi, wengi wao mabibi waliobaki na wajukuu baada ya UKIMWI kuzoa kizazi cha kati. Tathmini yake ya mwaka 2008 ilipewa jina la vitu vitatu ambavyo fedha hiyo ilirudisha nyumbani: chumvi, sabuni na viatu vya shule.

Na Zanzibar imekwenda mbali zaidi. Tangu Aprili 2016 kila mzee aliyetimiza miaka 70 hulipwa pensheni jamii, ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na sasa imefikishwa 50,000. Hakuna kompyuta ya kukisia hali yake, hakuna kuhitimu, na kaya hewa ni vigumu kuzitengeneza pale sharti pekee linapokuwa umri wa mtu anayejulikana na sheha wake. Bibi wa miaka 72 aliyeko Wete huulizwa amezaliwa lini. Wa rika lake aliyeko Bwisya, kisiwani Ukara, bado anasubiri mwezeshaji avuke maji aje kumtazama paa.